Kipande cha Pili

Sema neno "mwanapatholojia" pale steji ya Kericho na watu watawaza mochari. Si makosa yao. Wakenya wengi wamemjua mtu huyu kupitia taarifa ya habari ya saa moja jioni: mtu mashuhuri amefariki, familia inasubiri, halafu mwanapatholojia wa serikali anatoka nje ya chumba cha maiti na kuwaeleza waandishi kilichomuua marehemu. Basi tumebaki na picha ya daktari wa wafu, mtu ambaye ukikutana naye ujue mambo yameisha.

Lakini sehemu kubwa ya kazi yao ni ya walio hai. Kipande cha nyama kinakatwa kooni, kwenye titi, kwenye mlango wa kizazi au kwenye ubongo, na kuna mtu mahali fulani anayekitazama kwa hadubini ili kusema hiki ni kitu gani. Mgonjwa hamwoni. Hajui hata jina lake. Ila mtu huyo akisema "ni saratani" au "si saratani," maisha ya nyumba nzima yanageuka, ng'ombe wanauzwa, harambee inaitwa. Ninataka kuandika juu yake, na hasa juu ya swali moja gumu analoulizwa mara ya pili, wakati mgonjwa ameshapasuliwa na kupigwa mionzi na wote walidhani kazi imekwisha.

Chukua mgonjwa wa aina inayojulikana kwenye wodi za saratani. Ana uvimbe wa ubongo uitwao glioma, ule unaoota kutokana na seli zinazozishikilia na kuzihudumia neva. Amepasuliwa. Amemaliza wiki sita za mionzi, au kama watu wetu wanavyosema, "amechomwa." Amerudi nyumbani Sotik au Litein. Miezi mitatu inapita, kichwa kinaanza tena, mkono unalegea, kikombe kinaanguka. Skani inapigwa. Pale pale palipokuwa na uvimbe kuna duara jeupe linalong'aa, na ni kubwa kuliko la picha iliyopita. Familia inauliza kwa sauti ya chini: imerudi?

Jibu la haki, na ambalo halimfurahishi mtu, ni kwamba picha peke yake mara nyingi haiwezi kusema.

Sababu yenyewe inaeleweka bila kwenda chuo cha udaktari (mimi mwenyewe chuo nilikiacha njiani, na haikuwa cha udaktari). Mishipa ya damu ya ubongo ina kuta zilizobana kuliko za sehemu nyingine za mwili. Hazipitishi kila kitu. Wakati wa kupiga MRI, mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha picha. Mahali ambapo ukuta wa mishipa umeharibika, dawa inavuja na panaonekana peupe. Uvimbe unaharibu ukuta huo. Sasa hapo ndipo shida ilipo, maana mionzi nayo inauharibu ukuta huo huo. Kwa hiyo picha inaonyesha uvujaji. Haionyeshi nani alitoboa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1930 Wajerumani wawili, Fischer na Holfelder, walikuwa tayari wameeleza tishu ya ubongo iliyokufa kwa sababu ya mionzi. Wakati huo mionzi ilikuwa dhaifu, na wagonjwa waliotibiwa uvimbe wa ubongo hawakuishi muda mrefu wa kutosha kuleta swali hilo mara nyingi. Kisha mwaka 1951 huko Kanada wagonjwa wa kwanza wakatibiwa kwa mashine za kobalti 60, mionzi inayopenya ndani zaidi bila kuunguza ngozi sana, na mashine za namna hiyo zikaenea duniani. Hapa kwetu, kwa miongo mingi, mionzi ya umma ilimaanisha Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi. Mtu wa Bomet alipanda gari alfajiri, akapanga kwa jamaa Kawangware au Kayole, akasubiri foleni. Hivi karibuni mashine zimefika Eldoret na Nakuru, na hilo limepunguza safari. Halijalipunguza swali.

Ili kuelewa kwa nini kipande cha nyama kinaaminiwa kuliko picha, inabidi turudi nyuma kidogo.

Ustadi wa kutazama tishu ulijengwa polepole, kwa vitu vya kawaida kabisa. Nyama ikikaa nje inaoza. Mwaka 1893 Mjerumani Ferdinand Blum aligundua kwamba fomalini inaizuia kuoza na kuifanya ngumu kidogo. Nyama laini haikatiki vipande vyembamba. Basi ikazamishwa kwenye nta ya parafini, ikaganda pamoja nayo, na sasa inaweza kukatwa kwa kisu maalumu hadi unene wa sehemu nne tu za elfu za milimita. Kipande chembamba namna hiyo hakina rangi, hivyo kinatiwa rangi mbili. Ya zambarau iliyokolea, hematoksilini, inatoka ndani ya mti wa Mexico na Amerika ya Kati ambao Wahispania walikuwa wakiutumia kutia vitambaa rangi. Ya waridi, eosini, ilitengenezwa kiwandani Ujerumani miaka ya 1870. Hizo mbili ndizo bado zinazotumika leo katika maabara nyingi, Nairobi na kwingineko. Kiini cha seli kinakuwa zambarau, mwili wake waridi. Kinachobaki baada ya kukata ni kibonge kidogo cha nta chenye nyama ndani yake, kinachoweza kuingia kwenye boksi la kiberiti. Maabara wanakiita bloku. Kumbuka hicho kibonge, nitakirudia.

Aliyewafundisha madaktari kuisoma seli kama mahali ugonjwa unapoanzia ni Rudolf Virchow wa Berlin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1858. Na ni Virchow huyo huyo aliyepatikana katikati ya kisa kinachoonyesha kwamba nyama nayo inaweza kukupoteza. Mwaka 1887, Frederick, mrithi wa kiti cha ufalme wa Ujerumani, alipoteza sauti. Madaktari wa Ujerumani walishuku saratani ya koo na walitaka kupasua. Daktari Mwingereza, Morell Mackenzie, akasema kwanza kikatwe kipande. Virchow akakitazama na hakuona saratani. Upasuaji ukaachwa. Frederick alitawazwa Machi 1888 akiwa hawezi kusema, akatawala siku 99, akafa tarehe 15 Juni. Uchunguzi wa maiti ulithibitisha saratani.

Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kama aibu ya Virchow. Mimi sioni hivyo. Virchow alisema kweli juu ya kipande alichopewa. Shida ni kwamba kipande kilikatwa mahali ambapo saratani haikuwapo, au haikufika. Hadubini haiwezi kuona kisichowekwa chini yake. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka tunaporudi kwenye ubongo uliopigwa mionzi, kwa sababu humo ndani uvimbe hai na tishu iliyokufa hukaa jirani kama mashamba mawili yasiyo na ua.

Kwenye ubongo wenyewe, aliyeifanya nyama kuwa msingi wa tiba ni Harvey Cushing, daktari wa upasuaji Marekani. Mwaka 1926 yeye na Percival Bailey walichapisha mgawanyo wa glioma kwa kufuata sura za seli, wakaonyesha kwamba aina ya seli inatabiri mgonjwa ataishi muda gani. Mwezi Aprili 1931 Cushing alitoa uvimbe wake wa 2,000 uliothibitishwa kwa hadubini. Lakini anayenivutia zaidi ni Louise Eisenhardt. Alianza kazi kama msaidizi wa ofisi ya Cushing, akaenda kusomea udaktari, akamaliza mwaka 1925, akarudi kuwa msomaji wake wa tishu. Yeye ndiye aliyekuwa akichukua chembe ya uvimbe, akiipaka kwenye kioo, na kutoa jibu mgonjwa akiwa bado mezani. Na ndiye aliyetunza daftari: kila uvimbe, kila mgonjwa, na kilichompata mgonjwa huyo baadaye. Mitungi na vioo hivyo vilikaa miaka mingi vikisahauliwa chini ya mabweni ya wanafunzi wa udaktari, Chuo Kikuu cha Yale, hadi vikasafishwa na kuwekwa wazi kwa watu mwaka 2010.

Daftari la Eisenhardt lilikuwa na maana kwa sababu moja: mgonjwa aliporudi, kipande cha zamani kilikuwa bado kipo. Angeweza kuviweka viwili pamoja na kuuliza, je, huu ni ule ule?

Sasa tuje nyumbani. Afrika Mashariki ina historia yake ya vipande vya nyama vilivyosafiri, na ni historia kubwa kuliko tunavyofundishwa shuleni. Mwaka 1957 pale Mulago, Kampala, Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe kwenye taya zote mbili. Mwaka uliofuata akauandika ugonjwa huo, akidhani ni aina ya saratani ya nyama. Waliosema ni kitu gani hasa walikuwa watu wa hadubini wa Mulago, Gregory O'Conor na Jack Davies: ni limfoma, saratani ya seli za kinga. Jina likabaki la Burkitt, kama kawaida. Aliyepasua hukumbukwa, aliyesoma hasahauliki kwa sababu hakujulikana tangu mwanzo. Kisha vipande vikaanza kupelekwa London kwa ndege, kwa Anthony Epstein aliyekuwa akitafuta virusi. Desemba 1963 ndege moja ilishindwa kutua London kwa ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika hatimaye, maji yake yalikuwa yamevurugika. Epstein angeweza kuyamwaga akidhani bakteria wameingia. Akayatazama kwanza, na akakuta seli hai zikielea, zikakua, na mwaka 1964 ndani ya seli zilizooteshwa namna hiyo wakaonekana virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu vilipatikana kwa njia hiyo: nyama ya mtoto wa Uganda, ukungu wa Uingereza, na mtu aliyekataa kumwaga maji machafu kabla ya kuyaangalia.

Kericho na Bomet nazo zina kumbukumbu zao, na hapa ndipo ninapoona jambo ambalo halisemwi sana. Kampuni za majani chai zilipoingia miaka ya 1920, Brooke Bond na Finlay, zilijenga mashamba, nyumba za wafanyakazi na baadaye hospitali. Kampuni inahesabu kila kitu: kilo za majani, siku za kazi, na siku ambazo mchumaji amelala na homa. Malaria ilikuwa hasara, basi ikaandikwa. Madaftari hayo ya homa ya mashamba ya Kericho, ya miaka mingi mfululizo, baadaye yalikuwa dhahabu kwa wanasayansi waliokuwa wakibishana kama joto la dunia ndilo lililorudisha malaria nyanda za juu. Makala moja juu ya ubishi huo, iliyotumia takwimu za Kericho pamoja na sehemu nyingine tatu za Afrika Mashariki, ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2002. Kisha ukaja UKIMWI, na mji wa Kericho ukapata maabara ya utafiti ya kiwango cha kimataifa, na wafanyakazi wa mashamba ya chai wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Damu, kwa ufupi, ilipata pesa na mashine. Tone la damu kwenye kioo, majibu siku hiyo hiyo. Nyama ilibaki nyuma. Nyama inahitaji siku za kuganda, fundi wa kukata, na mtu aliyesoma miaka mingi wa kuitazama, na watu hao nchini ni wachache na wengi wao wako Nairobi.

Kuna sehemu moja ya mwili ambayo nyama yake ilisomwa vizuri huku kwetu, nayo ni umio, ile njia ya chakula. Tenwek, hospitali ya misheni kilomita chache kutoka mji wa Bomet, ilianza kama zahanati ya wauguzi. Daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, alifika mwaka 1959. Watu walikuja pale wakisema chakula hakipiti. Madaktari wakapeleka kamera kooni, wakakata vipande, wakatunza majibu. Walipoyajumlisha, wakaona kitu ambacho macho ya kawaida yasingekiamini: saratani ya umio ilikuwa ya kawaida mno Bomet, na iliwapata vijana, watu wa umri ambao vitabu vilisema haiwezekani. Mwaka 2002 Russell White wa Tenwek na wenzake waliyachapisha hayo kwenye jarida la Lancet. Kama wangetegemea dalili tu, kijana wa miaka 25 asiyemeza angepewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani. Ni kipande ndicho kilichowalazimisha kuamini.

Kutoka hapo utafiti ukafuatana. Waliuliza juu ya mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na kukuta ndani yake asetaldehaidi, kemikali inayoshukiwa. Waliuliza juu ya chai yenyewe. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, pengine vinasababisha saratani ya umio, na mwaka 2019 utafiti uliofanyika Eldoret ukaonyesha kwamba wanaokunywa vinywaji vikiwa moto sana wana hatari kubwa zaidi. Kuwaambia watu wa Kericho wasubiri chai ipoe! Kogo wangu angekutazama tu. Lakini jambo ni kwamba swali lenyewe lisingeulizwa bila rundo la vibonge vya nta.

Umio ulipata daftari lake. Ubongo haujapata. Na si kwa sababu watu wa huku hawaugui uvimbe wa ubongo.

Turudi basi kwa yule mgonjwa aliyeangusha kikombe. Tangu mwaka 2005 swali lake limekuwa gumu zaidi, kwa sababu nzuri. Mwaka huo Roger Stupp na wenzake walionyesha kwamba ukiongeza vidonge vya temozolomidi juu ya mionzi, wagonjwa wa glioblastoma, glioma kali kuliko zote, wanaishi zaidi: waliofika miaka miwili walikuwa asilimia 26.5, wakati waliopata mionzi peke yake walikuwa 10.4. Madaktari wakashangilia, kwa haki. Kisha wakaanza kuona kitu cha ajabu. Wagonjwa wengine, wiki chache baada ya kumaliza, skani ilionyesha uvimbe umekua. Halafu bila kubadilisha dawa, miezi miwili mitatu baadaye, ukapungua wenyewe. Haukuwa uvimbe. Ilikuwa ni mwili ukijibu matibabu, uvimbe na uvujaji wa mishipa iliyochomwa. Tafiti nyingi zinataja asilimia 10 hadi 30 ya wagonjwa. Fikiria maana yake. Kama daktari angeamini picha, angewaachisha dawa watu ambao dawa ilikuwa inawasaidia. Na majaribio ya dawa mpya yangezisifu dawa za bure, kwa kuwa wagonjwa "walioshindikana" walioingizwa wangepona hata wakipewa maji.

Ndiyo maana mwaka 2010 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali, linalojulikana kwa kifupi RANO, liliweka kanuni: ndani ya wiki 12 za kwanza baada ya mionzi, usiseme uvimbe umerudi kwa sababu ya picha tu. Uonekane nje ya eneo lililopigwa mionzi, au pawe na kipande cha nyama kinachothibitisha. Yaani wenye mashine bora duniani walikaa, wakajadiliana, na wakakubali kwamba kwa wiki hizo mwamuzi bado ni fomalini, nta na yule mtu wa hadubini.

Baada ya wiki hizo inabaki hatari nyingine, tishu kufa kabisa kwa mionzi, ambayo huja baada ya miezi kadhaa au hata miaka. Kutofautisha ni muhimu kwa sababu tiba zinapingana. Kama ni tishu iliyofishwa na mionzi, mgonjwa anahitaji deksamethasoni ya kupunguza uvimbe, wakati mwingine bevasizumabi, wakati mwingine kupasuliwa ili kuondoa mzigo. Kumpiga mionzi tena ni kumwaga mafuta ya taa motoni. Kama ni saratani, kukaa na steroidi peke yake ni kuipa muda.

Na kuna jibu la tatu ambalo vitabu vya Ulaya havilitilii mkazo lakini huku lazima likumbukwe. Duara jeupe kwenye ubongo wa mtu wa Afrika Mashariki linaweza kuwa kifua kikuu kilichojificha kichwani, au jipu, au vimelea vinavyomshambulia mtu mwenye kinga iliyoshuka, na mgonjwa aliyemeza steroidi kwa miezi kinga yake imeshuka. Hayo yana dawa, na mengine yanapona. Kuyaita saratani iliyorudi na kumrudisha mtu nyumbani akafie kwake ni msiba ambao kipande kimoja kingeuzuia.

Sasa mwanapatholojia anaona nini? Mara ya kwanza, kabla ya mionzi, kazi yake ina njia iliyonyooka: seli zimebanana, viini vina maumbo mabaya, zinagawanyika ovyo, mishipa mipya inaota, seli zimejipanga kuzunguka sehemu iliyokufa. Mara ya pili mambo yamevurugika. Mionzi imezifanya hata seli zisizo na kosa zionekane za kutisha, kubwa na zenye viini vilivyopinda. Kuta za mishipa zimenenepa na kuwa kama kioo. Kuna sehemu kubwa zilizokufa, na sehemu zilizokufa ziko kwenye glioblastoma pia. Mara nyingi sana jibu ni "vyote viwili," seli za uvimbe zimetawanyika kwenye jangwa la tishu iliyokufa, na hapo lazima aseme ni kiasi gani, na kama hizo zilizobaki zinaonekana zina nguvu ya kuota. Wanapatholojia wenyewe hawakubaliani siku zote juu ya mstari uko wapi. Na kile kisa cha Frederick kinarudi: sindano ikiingia kwenye jangwa, ripoti itasema jangwa, na shamba lililo sentimita moja pembeni litaendelea kuota.

Hapa ndipo kibonge cha zamani kinapofanya kazi ambayo hakuna mashine inayoweza kuifanya. Baadhi ya glioma zina mabadiliko kwenye jeni iitwayo IDH, na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linataka jambo hilo litajwe katika jina la ugonjwa. Kwa badiliko lililo la kawaida zaidi, kuna rangi maalumu inayoziwasha seli hizo tu. Kama kipande cha kwanza kilikuwa na badiliko hilo, mwanapatholojia anaweza kupaka rangi ile ile kwenye kipande cha pili, na seli moja moja ya uvimbe itajitokeza katikati ya vurugu zote, kahawia kwenye uwanja mweupe. Kama hakijulikani kilikuwa nacho au la, rangi isipowaka haimwambii chochote cha uhakika. Kipande cha pili bila cha kwanza ni nusu ya sentensi.

Sisemi kila mgonjwa apasuliwe tena. Kufungua fuvu mara ya pili ni hatari, ngozi iliyopigwa mionzi inapona kwa shida, na kuna mgonjwa ambaye amechoka kiasi kwamba jibu lolote halitabadilisha atakachofanyiwa. Huyo aachwe na watu wake, apewe dawa ya maumivu. Kuna pia MRI za kupima mtiririko wa damu na picha za PET zinazosaidia kukisia, kwa anayeweza kuzifikia na kuzilipia. Na wakati mwingine lililo bora ni kusubiri wiki sita na kupiga picha nyingine. Lakini kusubiri kwa kujua unachosubiri ni tofauti na kusubiri kwa sababu hakuna mwenye kujua.

Kinachonisumbua ni jinsi mizigo inavyosafiri. Familia ya Bomet inayokwenda Nairobi au Eldoret huenda na bahasha kubwa za kahawia zenye picha zote tangu mwanzo, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki mvua isizilowe. Picha zinatunzwa kama hati ya shamba. Kibonge cha nta kimebaki kwenye kabati la maabara iliyokisoma, pengine katika mji mwingine, kikiwa na namba iliyoandikwa juu yake, na namba hiyo iko kwenye ripoti ya ukurasa mmoja iliyokunjwa mahali. Watu wa nyumbani hawakuambiwa kwamba kibonge kipo, wala kwamba hospitali inayomhudumia mgonjwa sasa inaweza kukiomba.

Halafu kuna fomu. Kila kipande kinachopelekwa maabara huandamana na karatasi yenye nafasi ya historia ya mgonjwa, mistari miwili au mitatu. Daktari mwenye haraka anaweza kuandika "uvimbe wa ubongo" na kuishia hapo. Kama hakuandika kwamba mgonjwa alipigwa mionzi, lini, na kiasi gani, yule wa hadubini ataziona seli kubwa zilizopinda na atazisoma kama alivyofundishwa kuzisoma, yaani kama saratani. Ukiwa ndugu wa mgonjwa hutaijaza fomu hiyo wewe. Lakini unaweza kusimama karibu na muuguzi anayefunga kichupa cha fomalini ukauliza: mmeandika tarehe ya mionzi? Na namba ya kile kipande cha kwanza?